Mwalimu wa Timu Naye ni Mwalimu

Wachezaji wa kandanda nchini petu hawamwiti kwa jina lake mtu anayewafundisha. Humwita mwalimu. Magazeti na redio zimezoea kusema kocha, lakini uwanjani asubuhi, umande ukiwa bado juu ya nyasi na vijana wamejipanga kwa mistari, neno linalosikika ni lile lile linalosikika katika vyuo vya ualimu vya Kleruu na Mpuguso. Waliolichagua neno hilo hawakukosea. Mtu huyo hupanga somo, husahihisha makosa, humfahamu aliyelala na njaa na yule aliyerudi usiku wa manane, na mwisho wa msimu hupimwa kwa mtihani ambao hakuutunga yeye.

Lakini iko tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwalimu wa shule akihamishwa katikati ya mwaka, mkuu wa shule humwandikia Afisa Elimu kuomba mwingine, wazazi hunung'unika, na kamati ya shule huitishwa. Mwalimu wa timu ya mkoani akiondoka, hakuna anayeandika barua. Timu hupanda basi Jumamosi ifuatayo na kwenda kucheza kama kwamba hakuna kilichotokea, na tunaposikia baada ya mwaka mmoja kwamba imeshuka daraja, tunatikisa vichwa na kusema ndiyo kandanda.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi tukimtazama mtu mmoja na safari yake. Ndugu Selemani Matola anafahamika kwa kila aliyefuatilia mchezo huu katika miaka ya mwanzo ya 2000. Alikuwa kiungo wa Simba na wa Taifa Stars, akawa nahodha wa klabu yake, na washabiki wakampachika jina la Veron kwa kumfananisha na Juan Sebastián Verón wa Argentina. Alikuwa mchezaji wa kikosi kile cha Simba cha mwaka 2003 kilichowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba walishinda bao 1–0 Dar es Salaam, wakafungwa 1–0 Cairo, mambo yakaamuliwa kwa mikwaju ya penati, na marehemu Christopher Alex, kiungo mwingine wa timu hiyo, akapiga mkwaju wa mwisho uliomvua bingwa taji lake. Mwalimu wao alikuwa Mkenya, marehemu James Siang'a. Baadaye Ndugu Matola alikwenda Afrika Kusini kucheza kandanda ya kulipwa katika klabu ya SuperSport United.

Sitakaa sana Cairo. Usiku ule umekwisha kusimuliwa vya kutosha, na kila mwaka husimuliwa upya na watu ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa. Ninachokitafuta kiko Iringa.

Kwanza, hata hivyo, hapana budi tuseme neno juu ya kazi ya kiungo, maana jina lenyewe linajieleza. Kiungo ni mahali mfupa unapokutana na mfupa. (Mpishi naye ana viungo vyake, na baadhi ya viungo wetu wa kandanda ni wa aina hiyo: hunukia vizuri lakini hawashibishi.) Beki hucheza akiutazama uwanja wote mbele yake, na hatari humjia usoni. Mshambuliaji hucheza akiwa na lango moja tu akilini. Kiungo peke yake ndiye mwenye wenzake nyuma, mbele, kulia na kushoto, na maadui vivyo hivyo. Mpira humfikia akiwa amezungukwa. Kama hakugeuza shingo kutazama kabla haujamfikia, amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo miaka kumi au kumi na mitano ya kucheza nafasi hiyo ni miaka ya kusoma mchezo mzima, na ndiyo sababu walimu wengi mashuhuri duniani walitokea hapo. Didier Deschamps alikuwa kiungo na nahodha wa Ufaransa ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998, kisha akalitwaa tena akiwa mwalimu mwaka 2018.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Senegal. Aliou Cissé alikuwa kiungo na nahodha wa timu yao ya taifa iliyoshindwa kwa penati katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2002. Mwaka 2015 alikabidhiwa timu hiyo awe mwalimu wake. Mwaka 2019 alifika fainali, akafungwa na Algeria. Wasenegali hawakumfukuza. Februari 2022 akaleta kombe ambalo nchi yake ilikuwa haijapata kulishika tangu iumbwe. Naomba msomaji aihesabu miaka hiyo: ni saba, na katikati yake kuna fainali iliyopotea.

Hata kwetu watu wa namna hiyo hawakukosekana. Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga na Taifa Stars, alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 2015. Abdallah Kibadeni ndiye aliyekuwa mwalimu wa Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Kilichokosekana ni subira ya waajiri, na kwa hilo nitarudi.

Ndugu Matola alianza kazi ya ualimu mahali panapofaa kuanzia, yaani kwa vijana. Mwaka 2012 alikuwa na kikosi cha vijana cha Simba, na vijana wale walitwaa Kombe la BancABC Sup8R mbele ya timu za wakubwa. Wengi wao walipandishwa baadaye wakacheza Ligi Kuu. Kisha akaenda mikoani.

Lipuli ya Iringa ilirejea Ligi Kuu mwaka 2017 baada ya kukaa nje kwa miaka mingi. Wenyeji wa mji ule wanajua maana yake. Iringa ni mji wa wasomi na wa makarani, mji wa shule za bweni na vyuo, na kwa muda mrefu kandanda ya daraja la juu ilikuwa kitu cha kusikiliza redioni. Timu iliporudi, Uwanja wa Samora ulijaa watu waliovaa makoti. Ndugu Matola alikabidhiwa timu hiyo, na msimu wa 2018/19 ndio unaostahili kuandikwa.

Msimu ule Ligi Kuu ilikuwa na timu 20, yaani michezo 38 kwa kila timu, na nusu yake ugenini. Mtu aitazame ramani. Kutoka Iringa timu ilipaswa kwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar, Musoma kwa Biashara United, Mwanza kwa Mbao na Alliance, Shinyanga kwa Stand United, Mtwara kwa Ndanda, na Tanga kwa Coastal Union. Safari za namna hiyo kwa timu ndogo ni safari za basi. Juu ya hayo, mdhamini mkuu wa ligi alikuwa amemaliza mkataba wake, na msimu mzima ukachezwa bila mwingine kupatikana. Klabu kubwa ziliweza kujifuta jasho kwa mapato ya milangoni na kwa mifuko ya matajiri wake. Klabu ya mkoani haina mfuko wa kuugeukia.

Katika hali hiyo mwalimu wa Lipuli alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ile tunayoiona Jumamosi: nani aanze, nani apumzike, nani amkabe nani. Kazi ya pili haionekani, nayo ni kumshawishi kijana wa miaka 22 afanye mazoezi kwa moyo wote wiki ambayo hana hakika na posho yake. Walimu wa shule za vijijini wanaifahamu kazi hiyo ya pili bila ya kuelezwa.

Machi 2019 Lipuli iliifunga Yanga katika mchezo wa ligi. Mei 2019 timu hizo zikakutana tena Samora, safari hii katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na Lipuli ikashinda mabao 2–0. Mabao yalifungwa na Daruweshi Saliboko na Paul Nonga, na huyu Nonga alikuwa amepata kuvaa jezi ya Yanga hiyo hiyo. Tarehe 1 Juni 2019, katika Uwanja wa Ilulu mjini Lindi, Lipuli ilicheza fainali na Azam. Ushindi ungeipeleka Iringa katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Bao moja la Mzambia Obrey Chirwa likazima ndoto hiyo.

Sitasema kwamba Lipuli ile ilicheza kandanda ya kupendeza kuliko timu nyingine zote. Timu isiyo na fedha haichezi kwa kupendeza. Hucheza kwa nidhamu, kwa mistari iliyokaribiana, na kwa kuujua udhaifu wake. Lakini huo ndio ualimu. Kumfundisha mwanafunzi hodari mwenye vitabu vyote ni kazi ya mtu yeyote aliyesoma.

Je, baada ya fainali ile kilifuata nini? Kabla ya msimu uliofuata kuanza, Ndugu Matola alikuwa amekwisha kwenda Polisi Tanzania, Moshi. Desemba 2019 akaitwa Simba awe msaidizi wa Mbelgiji Sven Vandenbroeck. Na msimu wa 2019/20 ulipomalizika, Lipuli ilikuwa miongoni mwa timu zilizoshuka daraja. Kutoka fainali ya kombe la nchi hadi kushuka daraja haikuchukua miezi kumi na minne.

Simlaumu Ndugu Matola. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya, akipewa barua ya uhamisho yenye mshahara mkubwa zaidi na nyumba karibu na hospitali, ataipokea, nami ningeipokea. Wala sisemi kwamba Lipuli ilishuka kwa sababu ya kuondoka kwa mtu mmoja. Timu hushuka kwa sababu nyingi zinazokuja pamoja. Ninachosema ni kwamba Iringa ilipata mwalimu, ikamwona anafundisha, ikamwona anafaulisha, kisha haikuwa na chombo chochote cha kumbakiza wala mpango wowote wa kumpata mrithi wake. Hakuwapo msaidizi aliyelelewa makusudi ili siku moja aishike chaki. Kazi yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, naye alipopanda basi, kazi ilipanda pamoja naye.

Mbeya ina habari iyo hiyo, na kwao imejirudia mara nyingi zaidi.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, kutoka katika mji mdogo wenye mvua na migomba, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Watu wa Dar es Salaam walidhani ni mzaha. Tangu ligi hiyo ianzishwe mwaka 1965, timu za nje ya Dar es Salaam zilizotwaa ubingwa wa Bara zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Prisons ya Mbeya nayo ilipata ubingwa wa Muungano mwaka 1999. Tukuyu Stars haikudumu. Nyota wake walitawanyika kwenda kwenye klabu kubwa, na mji uliotoa mabingwa ukabaki na picha ukutani.

Miaka 27 baadaye ikaja Mbeya City. Hii ilikuwa timu ya Halmashauri ya Jiji, na kwa hiyo watumishi wengi wanaosoma ukurasa huu waliijua si kama washabiki tu bali kama wenzao wa ofisi moja. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na katika msimu wake wa kwanza kabisa ikashika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na juu ya Simba. Mwalimu wake alikuwa Juma Mwambusi, mtu wa Mbeya hapo hapo. Mashabiki waliovaa zambarau waliifuata timu mpaka mikoa ya mbali, na mwaka 2014 timu ikaalikwa Khartoum kwenye Kombe la Nile Basin la CECAFA. Halafu? Wachezaji walianza kuchukuliwa mmoja mmoja. Mwambusi naye akaitwa Yanga, akawa msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm. Mwaka 2020 Mbeya City ilinusurika kushuka kwa michezo ya mchujo. Mwaka 2023 haikunusurika, ikafungwa na Mashujaa ya Kigoma na kushuka. Ilirejea Ligi Kuu mwaka 2025.

Ihefu ndiyo iliyoniuma zaidi. Tarehe 29 Novemba 2022, katika Uwanja wa Highland Estate huko Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, timu hii iliifunga Yanga 2–1 na kukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga ilikuwa haijafungwa. Oktoba 2023 ikawafunga tena, 2–1 vile vile. Mwaka 2024 timu ilihamishiwa Singida, na baadaye hata jina ikabadilishwa, ikaitwa Singida Black Stars. Hapo hakuchukuliwa mwalimu peke yake. Ilichukuliwa shule nzima, pamoja na ubao wake.

Sasa tuwaweke bega kwa bega Ndugu Matola na Ndugu Mwambusi. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu Iringa, mwingine Mbeya. Wote wawili walifanya mikoani kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Zawadi waliyopewa wote wawili ni kiti cha usaidizi Dar es Salaam, chini ya mgeni. Kwa mshahara huko ni kupanda cheo. Kwa kazi ni kushuka, kwa kuwa mtu aliyekuwa akiamua mambo yote amekuwa mtu wa kutafsiri maamuzi ya mwingine. Tangu Desemba 2019 Ndugu Matola amekaa kando ya Mbelgiji Vandenbroeck, Mfaransa Didier Gomes, Mhispania Pablo Franco, na wengine waliofuata. Zaidi ya mara moja mgeni alipofunga virago, timu iliachwa mikononi mwa Matola, akaiongoza kwa majuma kadhaa mpaka mgeni mwingine akashuka kwenye ndege. Klabu imemwamini kuilinda nyumba wakati mwenye nyumba hayupo. Haijamwamini kuimiliki.

Hali hii haiko katika klabu peke yake. Novemba 2024 Taifa Stars iliifunga Guinea 1–0 Dar es Salaam na kufuzu kwa fainali za Mataifa ya Afrika za 2025, ikiwa chini ya Mzanzibari Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco. Novemba 2025, majuma machache kabla ya fainali hizo kuanza, nafasi yake akapewa Miguel Gamondi wa Argentina. Haki isemwe: chini ya Gamondi timu ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wako watakaosema kwamba matokeo hayo yamefunga mjadala. Mimi naona yameufungua. Mgeni alikuta timu iliyokwisha kufuzu, iliyokwisha kufundishwa, yenye wachezaji wanaojuana. Kuna mtu aliyelima shamba lile.

Msomaji asinielewe vibaya. Sina chuki na walimu wa kigeni. Siang'a aliyewaongoza Simba mwaka 2003 hakuwa Mtanzania, na Taifa Stars ilikwenda Lagos mwaka 1980 ikiwa na Mpoland, Slawomir Wolk. Elimu haina pasipoti. Lakini tangu tupate Uhuru hatukupata kuwaleta wataalamu wa kigeni hospitalini na viwandani bila ya kuwauliza: mtamwachia nani kazi hii? Kila mtaalamu alipangiwa mwenyeji wa kujifunza kwake, kwa muda uliojulikana, na muda ulipokwisha mwenyeji alishika kazi. Katika kandanda tumeushika upande mmoja tu wa utaratibu huo. Tunaye mwenyeji anayejifunza. Hatuna tarehe ya kumaliza mafunzo.

Wapo pia watakaosema kwamba walimu wetu hawana vyeti vya juu. Hoja hii ina uzito. Shirikisho la Kandanda la Afrika limeweka ngazi za leseni, na pasipo ngazi inayotakiwa mtu hawezi kukaa kwenye benchi akiwa mwalimu mkuu katika mashindano yake, awe na kipaji cha namna gani. Lakini mtu atapataje cheti hicho? Kozi za juu ni chache, ni ghali, na huchukua muda mrefu. Mwalimu wa Lipuli au wa Prisons akiomba ruhusa ya majuma sita kwenda kusoma katikati ya ligi, atakaporudi atamkuta mwingine kwenye kiti chake. Yule wa Dar es Salaam, kwa kuwa ni msaidizi, anaweza kuruhusiwa. Hivyo usaidizi wa mjini umekuwa ndiyo njia ya kupata cheti, na ualimu mkuu wa mikoani umekuwa ndiyo njia ya kukikosa. Huu ni mpango uliogeuzwa kichwa chini miguu juu.

Kuna jambo jingine, ambalo kwa mwandishi wa gazeti hili si rahisi kulisema lakini haliwezi kupitwa. Sokoine wa Mbeya na Samora wa Iringa ni viwanja vya Chama. Vilijengwa kwa nguvu za wananchi na vikapewa majina ya watu wakubwa, mmoja Waziri Mkuu wetu aliyefariki ajalini mwaka 1984, mwingine Rais wa kwanza wa Msumbiji aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1986. Nyasi za viwanja vya mikoani, kwa miaka mingi, hazikulingana na heshima ya majina hayo. Na nyasi mbovu humwumiza kiungo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpira unaorukaruka hauwezi kupokewa na kutolewa kwa mguso mmoja. Mwalimu mwenye busara, akiona hivyo, huwaamuru mabeki wapige mipira mirefu juu ya kichwa cha kiungo. Watoto walioko jukwaani hutazama hayo na Jumatatu huyaiga shuleni. Baada ya miaka kumi tunauliza kwa nini nchi haina viungo wachezeshaji. Mapato ya milango ya viwanja hivyo, ya mikutano na ya matamasha, yanapaswa kurudi ardhini kwanza kabla ya kwenda popote pengine, na wanachama katika mikoa hiyo wana haki ya kuonyeshwa hesabu zake.

Nawageukia sasa wasomaji wa ukurasa huu, kwa kuwa si wengi kati yetu wanaomiliki klabu, lakini wengi tunashika kalamu zinazoandika bajeti na ratiba. Kila halmashauri ina Afisa Michezo. Katika nyingi afisa huyo hana gari, hana fungu la maana, na hukumbukwa mwezi Juni, wakati wa UMITASHUMTA na UMISSETA. Katika mashindano hayo ya shule ndimo kiungo wa kesho huonekana kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 13, miguu mitupu, akigeuza shingo kabla ya mpira kumfikia. Nani aliyepo pale anayejua kwamba kugeuza shingo ni kipaji? Mara nyingi ni mwalimu wa hesabu au wa jiografia aliyepewa timu kwa sababu ni kijana na ana filimbi.

Mwalimu huyo wa jiografia ndiye ninayemwona ninapomfikiria mrithi wa Matola na Mwambusi. Chuo cha Michezo cha Malya kiko mbali na nyanda hizi, huko Kwimba, na si kila mtu ataweza kwenda. Lakini Kleruu iko Iringa, Mpuguso iko Rungwe, na vyuo hivyo vina madarasa, mabweni na viwanja ambavyo wakati wa likizo hukaa vitupu. Kozi za ngazi ya chini za leseni huchukua siku chache tu, na wakufunzi wake wapo nchini. Mikoa hii miwili ikikubaliana na Shirikisho la Kandanda kuziendesha humo kila mwaka, na Maafisa Elimu wakiwaruhusu walimu wawili au watatu kila tarafa kuhudhuria bila ya kukatwa siku zao, gharama yake haitafika hata nusu ya kile kinacholipwa kumwondoa mgeni mmoja kabla ya mkataba wake kwisha.

Na halmashauri inayomiliki timu impe mwalimu wake mkataba wa miaka mitatu, kama inavyofanya kwa mkandarasi wa barabara, wenye sharti mbili zilizoandikwa: kwamba atakuwa na msaidizi kutoka mkoani humo humo, na kwamba klabu itakayomtaka kabla ya muda kwisha itailipa halmashauri fedha za kumsomesha msaidizi huyo. Bajeti za mwaka ujao huanza kuandikwa kabla ya mvua za masika kukolea. Fungu la michezo, katika halmashauri nyingi, liko katika kurasa za mwisho, ambako wajumbe wa kamati ya fedha hufika wakiwa wamekwisha kuchoka.